Mwenye Mnara na Mwenye Kiwanja

Sisi watu wa pwani neno mnara twalijua tangu utotoni. Mnara wa kwanza kuujua ni wa msikiti, na hapa Mombasa hapana asiyeujua ule wa msikiti wa Mandhry katika Mji wa Kale, mnara uliochongoka juu, wa msikiti uliojengwa mwaka 1570. Mnara wa pili ni wa taa, wa kuwaonyesha manahodha njia wasije wakapanda mwamba usiku. Wajuzi wa lugha watuambia kwamba neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na kwamba lina asili moja na nuru. Mnara, basi, ni mahali pa nuru.

Siku hizi uko mnara wa tatu, nao umeipita ile miwili kwa urefu na kwa wingi. Ni wa chuma, umezungushiwa ua, na ndani ya ua mna jenereta na makabati yaliyofungwa kwa kufuli. Hauna muadhini wala nahodha hautazamii. Kazi yake ni kuchukua maneno ya watu na kuyarusha: salamu za mtoto aliye Maskati kwa mama yake aliye Kibokoni, fedha za karo, bei ya samaki, na habari za msiba. Twautumia mchana kutwa na usiku kucha, na ni wachache mno miongoni mwetu waliopata kujiuliza, mnara huu ni wa nani?

Swali hilo sikulitunga mimi. Aliniletea mjomba wangu mmoja, mzee wa miaka sabini na ushei, mwenye shamba la minazi upande wa kusini wa Mombasa. Alinijia mwezi uliopita baada ya sala ya alasiri, na mkononi ana bahasha ya khaki. Ndani mna mkataba wa kurasa nyingi, wote kwa Kiingereza.

“Mwanangu, hebu nisomee,” akaniambia. “Wataka pembe ya shamba waweke mnara. Kodi wanayoitaja si haba. Lakini hao ni kina nani? Mimi kampuni za simu nazijua zote, na jina lililo hapa silo hata mojawapo.”

Nikamwomba muda nimtafutie jawabu, na haya niandikayo leo ndiyo jawabu lenyewe, kwani naamini si yeye peke yake anayelitaka.

Nyumba ya vyumba sita

Zamani kila kampuni ya simu ilijijengea minara yake. Baadaye kampuni hizo ziliona ya kuwa mnara ni mzigo. Wataka chuma na saruji, wataka dizeli, wataka mlinzi, wataka fundi wa kuamka usiku, na wamla mwenyewe fedha ambazo angalizitia katika mitambo na wateja. Juu ya hayo, minara mitatu ya kampuni tatu ilikuwa ikisimama katika kilima kimoja, kila mmoja una jenereta yake na mlinzi wake. Ndipo likazuka kabila jingine la kampuni, ambalo halina simu hata moja la kuuza. Kazi yake ni kununua minara, kuijenga mingine, na kuikodisha kwa kampuni za simu.

Mtu wa pwani hana haja ya kueleza jambo hili kwa maneno makubwa. Atazame nyumba ya Kiswahili. Ina ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, ua nyuma na baraza mbele. Mwenye nyumba aghalabu hulala chumba kimoja na kukodisha vitano. Gharama ya ukuta na paa ni ile ile, ndani awe mpangaji mmoja au wawe watano. Mpangaji wa kwanza humlipia saruji, na wa pili na wa tatu humlipia faida. Mnara ni hivyo hivyo. Mwenye mnara ana chuma, umeme na ulinzi, na kampuni za simu hupachika antena zao juu na kulipa kodi. Antena moja ikiongezwa, gharama huzidi kidogo tu, lakini kodi huzidi kweli kweli.

Tena sisi twaijua na sehemu ya pili ya kisa hiki. Katika mitaa mingi ya Mombasa nyumba ni ya mtu mmoja na kiwanja ni cha mtu mwingine. Huitwa nyumba bila ardhi. Mwenye kiwanja hupokea ijara yake, na mwenye nyumba hupokea kodi ya vyumba vyote. Basi mnara wa simu ni nyumba bila ardhi iliyojengwa kwenda juu, na mjomba wangu anaombwa awe mwenye kiwanja.

Njia ya Omani, Tanzania na Kongo

Ili niieleze biashara hii jinsi ilivyokua, nimechagua kampuni moja iitwayo Helios Towers. Si hiyo iliyomjia mjomba, wala haina minara hapa Kenya. Nimeichagua kwa sababu hesabu zake hutangazwa hadharani kila mwaka, na kwa sababu minara yake imesimama mahali ambapo wengi wetu tuna ndugu. Jina lake nalo lafurahisha: helios katika Kiyunani ni jua. Kumbe na wao wamekwenda kwenye nuru.

Kampuni hii ilianzishwa mwaka 2009. Miongoni mwa waliotia mali ni Helios Investment Partners, kampuni ya London iliyoanzishwa mwaka 2004 na Wanaijeria wawili, Tope Lawani na Babatunde Soyoye. Walikuwamo pia matajiri wa Magharibi, kama mfuko wa George Soros, na kampuni ya Madeleine Albright, aliyepata kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani. Fedha hizo zilipokusanyika, kazi ya kwanza ilikuwa kununua. Mwaka 2010 waliafikiana na Millicom, waliokuwa na simu za Tigo, wauziwe minara yao ya Ghana, ya Kongo na ya Tanzania. Millicom akageuka mpangaji katika minara aliyoijenga mwenyewe. Mwaka 2013 ikafuata Vodacom ya Tanzania, ikauza minara zaidi ya 1,100. Mwaka 2015 kampuni ikaingia Kongo ya Brazzaville.

Mwaka 2019 iliingia Afrika Kusini, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la London, kila moja kwa peni 115. Wakati huo ilikuwa na minara karibu 7,000. Kisha ikakimbia. Mwaka 2021 ilichukua minara ya Senegali na ya Madagaska, na mwaka 2022 ya Malawi. Disemba 2022 ikamaliza mapatano na Omantel, kampuni ya simu ya Omani, ikanunua minara zaidi ya 2,500 kwa karibu dola milioni 500, na Waomani wenyewe, kwa mfuko wao uitwao Rakiza, wakashika asilimia 30. Kufikia mwisho wa mwaka 2024 hesabu ilikuwa minara zaidi ya 14,000 katika nchi tisa. Yaani katika miaka mitano minara ilizidi maradufu.

Msomaji aliyepata kusikia habari za wazee hatakosa kuiona ajabu iliyomo humu. Omani, bara ya Tanganyika, na ndani ya Kongo: hiyo ndiyo njia ile ile iliyopitwa na majahazi na misafara ya karne ya kumi na tisa. Seyyid Said alitoka Maskati akaweka kiti chake Unguja, na watu kama Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, wakatoka Unguja wakafika Kongo kutafuta pembe. Njia hiyo haikuwa ya heri tupu. Ilibeba pembe za ndovu na ilibeba watumwa, na lugha yetu ilikwenda nayo. Leo Kiswahili chasemwa Maskati, Dar es Salaam na Kisangani, na maneno hayo ya Kiswahili yapanda juu ya minara yenye mwenyewe mmoja, ambaye soko la hisa zake liko London. Hapo kale mwenye njia alikuwa mwenye bandari na mwenye kituo cha msafara, aliyetoza kila apitaye. Mambo hayakubadilika sana.

Siri ya kukua kwake

Mtu atauliza, yawezekanaje kampuni ikue hivyo kwa kukodisha vyuma? Majibu ni matatu.

La kwanza ni wapangaji. Mwisho wa mwaka 2024 kila mnara wa Helios, kwa wastani, ulikuwa na wapangaji wawili na kidogo, wote pamoja zaidi ya 29,000. Kampuni yenyewe haifichi kwamba hapo ndipo penye faida. Minara iliyonunuliwa ikiwa na mpangaji mmoja hutafutiwa wa pili na wa tatu.

La pili ni mkataba. Kampuni ya simu haikodi mnara mwezi kwa mwezi kama chumba cha Majengo. Hufunga mkataba wa miaka kumi, pengine kumi na mitano. Na katika mkataba huo imeandikwa kwamba bei za vitu zikipanda, kodi nayo hupanda. Dizeli na umeme vikipanda, kodi hupanda tena. Sehemu kubwa ya mapato hufungamanishwa na fedha ngumu ili shilingi ikianguka mwenye mnara asianguke nayo. Tafadhali, msomaji, lishike jambo hili, tutalirudia.

La tatu ni deni. Minara hiyo haikununuliwa kwa fedha za mfukoni. Kampuni imekopa zaidi ya dola bilioni moja unusu, na kwa miaka mingi ya mwanzo hesabu zake zilikuwa zikionyesha hasara, kwa riba na kwa kuchakaa kwa mitambo. Wakopeshaji walivumilia kwa sababu waliiona ile mikataba mirefu, wakajua kodi itakuja. Sisi tuliofunzwa kuikimbia riba tutakuwa na la kusema hapo, na hatuna budi kulisema. Lakini ni lazima tufahamu jinsi jengo lilivyosimama.

Nisije nikaonekana nalaumu tu. Kazi hii ina manufaa yake. Mnara mmoja wenye wapangaji watatu ni bora kuliko minara mitatu yenye jenereta tatu zinazonguruma na kutoa moshi. Vijiji ambavyo kampuni moja ya simu isingalithubutu kuvijengea mnara hupata mnara kwa sababu kampuni mbili zitachangia kodi. Na kazi yenyewe si nyepesi. Omani umeme wa nchi hufika karibu kila mahali; ndani ya Kongo minara mingi haina umeme ila wa jenereta, betri na jua, na dizeli yapelekwa kwa njia ambazo gari lenyewe lapita kwa dua. Jina la jua huko limepata maana, kwani kila kibao cha kunasa jua ni dizeli iliyobaki.

Na hapa kwetu?

Hapa Kenya Safaricom ilijijengea minara yake mingi yenyewe. Lakini mwenye mnara mgeni naye tunaye, tena ni mkubwa kuliko Helios mara nyingi. Ni American Tower, yenye makao Boston, Marekani, iliyozaliwa mwaka 1995 ndani ya kampuni ya redio na kusimama peke yake mwaka 1998. Duniani ina minara zaidi ya 140,000. Mwaka 2018 ilinunua minara 723 ya Telkom Kenya. Mwisho wa mwaka 2019 ikainunua kampuni nzima ya Eaton Towers, yenye minara yapata 5,500 katika nchi tano za Afrika, Kenya ikiwamo, kwa thamani ya dola bilioni 1.85 pamoja na madeni.

Sasa zingatia. Eaton nayo ilikuwa imeipata minara ya Airtel baada ya mapatano ya mwaka 2014. Basi mtu aliyekodisha pembe ya shamba lake kwa Airtel aliamka siku moja akakuta mpangaji wake ni Eaton, na kabla hajalizoea jina hilo akakuta ni American Tower. Mnara haukusogea hata shibiri. Minazi ile ile, ua ule ule, kodi ile ile. Kilichobadilika ni mwenye mnara, na mauzo yenyewe yalifanywa mbali, kwa mabilioni, na mwenye kiwanja hakuulizwa wala hakupata hata senti. Si wizi, kwani mkataba uliruhusu. Ndiyo maana nasema, jambo lote limo katika mkataba.

Somo la wakfu

Wazee wetu walikuwa na elimu ya mambo haya. Walipotoa wakfu, walikusudia asili ya mali ifungwe isiuzwe wala isirithiwe, na matunda yake yagawanywe milele. Misikiti mingi ya pwani imetiliwa mafuta ya taa, na baadaye umeme, kwa kodi za nyumba na maduka yaliyowekwa wakfu. Itazame vizuri kampuni ya minara, utaona umbo ni lile lile: mali haiuzwi kwa watumiaji, yakodishwa, na matunda yafuata mwaka baada ya mwaka. Tofauti ni nani alaye matunda. Ya wakfu humwendea maskini, yatima na msikiti. Ya minara humwendea mkopeshaji na mwenye hisa.

Nasikitika kwamba tulioirithi elimu hiyo ndio tunaotia sahihi bila kusoma. Ardhi ya pwani imetutoka mara nyingi kwa kalamu, na kila mara tuliambiwa ni karatasi tu. Baadhi ya wanazuoni wa fiqhi waliogopa kuikodisha mali ya wakfu kwa miaka mingi, kwa kuwa muda ukiwa mrefu mpangaji hujiona ndiye mwenyewe. Na Kurani tuisomayo kila siku, aya yake ndefu kuliko zote, ya 282 katika Suratul-Baqara, imekuja kutuamrisha tuandike madeni yetu na tuweke mashahidi. Kama deni la siku chache laandikwa, sembuse ardhi ya miaka ishirini?

Basi nilipoketi tena na mjomba barazani, tuliupitia mkataba mstari kwa mstari, nami nikamtolea maswali aende nayo.

Kwanza, ardhi hii ni ya nani? Shamba lilikuwa la baba yake, na mirathi haijagawanywa. Dada zake wawili wana fungu lao, na mmoja amekwisha kufa, kwa hivyo fungu lake ni la watoto wake. Mzee hawezi kutia sahihi peke yake, hata akiwa ndiye anayeishi pale. Na lingalikuwa la wakfu, ingalimpasa kwanza aiendee Tume ya Wakfu.

Pili, kodi itapanda vipi? Mwenye mnara hakubali mpangaji wake alipe bei ile ile miaka kumi. Yeye mwenyewe aidai nyongeza kwa kila kupanda kwa bei. Kwa nini basi mwenye kiwanja alipwe kiasi kimoja tangu mjukuu azaliwe hata aoe?

Tatu, akija mpangaji wa pili na wa tatu juu ya mnara, mwenye kiwanja atapata nini?

Nne, mnara ukiuzwa, ataarifiwa? Na muda ukiisha, ni nani atakayeing'oa saruji na kuusafisha udongo wenye dizeli?

Mzee alinyamaza kitambo, akasema, “Mwanangu, kumbe hawa si watu wa simu. Hawa ni wenye nyumba kama kina fulani wa mtaani kwetu.” Nikamwambia, “Naam, mjomba, ila nyumba yao ina vyumba vingi, na wewe waonyeshwa kimoja.”

Aliyapeleka maswali. Majibu yamerudi nusu nusu: nyongeza ya kodi kila mwaka wamekubali, kuondoa saruji wamekubali, fungu la wapangaji wengine wamekataa, na habari ya kuuza mnara wamesema watamjulisha baada ya kuuza. Ameitisha kikao cha dada yake na watoto wa marehemu, na hajatia sahihi bado. Huenda akatia. Kijiji chake chahitaji mnara, kwani sasa mtu akitaka kuzungumza sharti apande kwenye kichuguu. Lakini akitia, atajua anapangisha kwa nani na kwa nini, na watakaokuja baada yake watakuta karatasi iliyosomwa.

Namwachia beti hili, naye na kila mwenye kiwanja:

Mnara hauna neno, husemesha wasemao,
Umesimama mfano, wa mwenye nyumba wa hao,
Kodi zake ni mavuno, ya wengi wahamiao,
Soma kwanza mapatano, uwatunze na wajao.